Kutuma Ujumbe kwa Entiti Zilizogawanywa Kwenye Klasta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa watengenezaji wa programu wa hapa Dodoma, wengi wao vijana waliomaliza UDOM, ambao Java wanaijua vizuri lakini ndiyo kwanza wanakutana na mfumo wa akta uliosambazwa kwenye seva kadhaa. Majibu yanafuata Akka, maktaba ya kuandikia mifumo ya akta, na karibu yote yanafaa pia kwa Apache Pekko, iliyochipuka kutoka Akka.

Mfano tutakaoutumia ni mmoja: mfumo wa kupokea nafaka kwenye soko kama lile la Kibaigwa. Kila mkulima ana akaunti, na kila akaunti ni entiti moja. Karani wa mizani akishapima gunia, ujumbe unakwenda kwenye akaunti ya mkulima mwenye gunia hilo.

Akta ni nini, na entiti ni kitu gani kingine?

Akta ni kijiprogramu chenye hali yake ya ndani ambayo hakuna mwingine anayeigusa. Ukitaka kitu kwake unamtumia ujumbe, naye anashughulikia ujumbe mmoja baada ya mwingine, kamwe si miwili kwa pamoja. Wazo hili liliandikwa na Carl Hewitt, Peter Bishop na Richard Steiger mwaka 1973, mwaka uleule ambao TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Yote mawili yalichukua muda mrefu kuonekana kwa macho.

Entiti ni akta mwenye kitambulisho cha kudumu. Akta wa kawaida akifa, anuani yake inakufa naye. Entiti ikizimwa leo na kuwashwa kesho kwenye seva nyingine, bado ni ileile, kwa sababu inajulikana kwa kitambulisho na hali yake imehifadhiwa kwenye hifadhidata.

Sijui akaunti ya mkulima iko kwenye seva gani. Ujumbe wangu utafikaje?

Hutakiwi kujua. Unaandika `sharding.entityRefFor(Akaunti.KEY, "MK7")`, ambapo MK7 ni kitambulisho cha mkulima, unapata EntityRef, yaani rejea ya entiti hiyo, kisha unatuma kwa `tell`, bila kusubiri jibu. Ni kama kumkabidhi wakala wa basi pale stendi ya Nanenane kifurushi cha kwenda Kondoa: unaandika jina la mpokeaji, na kujua kitapanda gari gani si kazi yako.

Ndani yake mambo huenda hivi. Entiti zimegawanywa katika vipande, na kila kipande kina mamia au maelfu ya entiti. Kila nodi, yaani kila seva iliyo ndani ya klasta (kundi la seva zinazofanya kazi kama mfumo mmoja), ina akta anayeitwa ShardRegion, ambaye ndiye anayepokea ujumbe wako kwanza. Anakokotoa kipande kutoka kwenye kitambulisho, kisha anaangalia kama anajua kipande hicho kinakaa nodi gani. Kama hajui, anamuuliza mratibu, ambaye kwa kila aina ya entiti ni mmoja tu kwa klasta nzima, na wakati anasubiri jibu anaweka ujumbe kwenye bafa, yaani foleni ya kusubiria. Akishajibiwa anakumbuka, na ujumbe unaofuata wa kipande hicho hupita moja kwa moja bila kumsumbua mratibu.

Kwa hiyo mratibu hapitishi ujumbe wako. Wengi hudhani yeye ndiye atakayezidiwa mavuno yakianza, lakini yeye hujibu swali la "kipande kiko wapi" na kuamua vipande vihamie wapi, basi.

Kila nodi inayotuma lazima iwe imeita `init` kwa aina hiyo ya entiti, hata kama yenyewe haitabeba entiti yoyote. Nodi zinazopokea maombi ya HTTP kutoka kwenye mizani mara nyingi huwekwa hivyo: zinapitisha tu, hazihifadhi akaunti.

Kama entiti haipo, itakuwaje?

Itaanzishwa na ujumbe wa kwanza. Hakuna hatua ya "kuunda" entiti kabla ya kuitumia. Jambo hili lina makali yake: karani akikosea kuandika MK7 akaandika MK77, mfumo hautalalamika, utaanzisha akaunti tupu na kuipa magunia. Kwa hiyo akaunti yenyewe ijue kama imesajiliwa au la, na ikatae mzigo kama haijasajiliwa. Usitegemee klasta ikufanyie ukaguzi huo.

Kipande kinakokotolewaje?

Kwa njia ya kawaida ya Akka, chukua hashi ya kitambulisho (namba inayokokotolewa kutoka kwenye herufi zake), gawanya kwa idadi ya vipande, kinachobaki ndicho namba ya kipande. Hashi ya Java ya "MK7" ni 76377. Kwa vipande 1000, ambayo ndiyo idadi ya msingi kwenye Akka ya sasa, MK7 yuko kipande cha 377. Ungekuwa na vipande 30, angekuwa kipande cha 27.

Ndiyo maana idadi ya vipande lazima iwe ileile kwenye nodi zote. Nodi moja ikiamini ni 1000 na nyingine 30, kila moja itampeleka MK7 mahali pake. Kubadilisha idadi hiyo kunahitaji kuzima klasta yote kwanza. Data haipotei, maana kwenye jarida la matukio, yaani sehemu ya hifadhidata linapoandikwa kila badiliko la entiti, huandikwa kwa kitambulisho cha entiti wala si kwa namba ya kipande, lakini kuzima soko zima siku ya mnada si jambo la kumweleza mteja kwa simu. Kanuni inayopendekezwa ni vipande mara kumi ya idadi kubwa kabisa ya nodi unazotarajia kuwa nazo.

Kwa nini tusigawe kwa wilaya? Ingekuwa rahisi kuelewa.

Inawezekana, maana unaweza kuandika kikokotozi chako mwenyewe. Lakini sikushauri. Mkoa wa Dodoma una wilaya saba: Dodoma, Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa. Vipande saba kwenye nodi nne havigawanyiki sawa hata siku ya utulivu. Halafu Kibaigwa iko Kongwa. Mahindi yakianza kuingia, kipande cha Kongwa kitabeba karibu kila kitu, na kipande hakikatwi katikati: kinahama kizima au hakihami. Utakuwa na nodi moja inayotoka jasho na tatu zinazosinzia. Hashi haina habari na mipaka ya wilaya, na huo ndio uzuri wake.

Kitambulisho kiwe nini? Namba ya simu inafaa?

Haifai. Watu hubadilisha laini, laini hurithiwa na ndugu, na mama anaweza kuuza mahindi kwa simu ya mwanawe. Jina ndiyo kabisa: kijiji kimoja cha Ugogo kinaweza kuwa na akina Mazengo kadhaa wasio na undugu wa karibu. Tumia namba ya uanachama ambayo haibadiliki. Namba ya simu iwe taarifa ndani ya akaunti.

Nikituma kwa `tell`, nina hakika ujumbe umefika?

Hapana. Huna hakika, na hili ndilo jambo ambalo likikueleweka mengine yote yanakuwa mepesi. Ahadi ya mfumo ni kwamba ujumbe utafika mara moja au hautafika kabisa. Hautafikishwa mara mbili na mfumo wenyewe, lakini unaweza kupotea.

Unapotea wapi? Nodi yenye akaunti inaweza kuzimika ujumbe ukiwa bado kwenye foleni ya akta. Mtandao kati ya nodi unaweza kukatika ujumbe ukiwa njiani. Bafa ya ShardRegion inaweza kujaa. Kiwango cha msingi ni ujumbe 100000, na unaozidi hapo hutupwa huku onyo likiandikwa kwenye logi. Ujumbe wenyewe unaweza kushindwa kugeuzwa kuwa baiti, au kuwa mkubwa kupita kikomo cha fremu (furushi moja linalosafiri kwenye mtandao), ambacho kwa kawaida ni kilobaiti 256. (Picha za risiti zisipitishwe kwa akta. Ziweke kwenye hifadhi ya mafaili, tuma jina la faili.)

Kwa ujumbe wa aina ya "onyesha salio" hasara hiyo ni ndogo, karani atabonyeza tena. Kwa gunia la kilo 100 la mtu aliyetoka nalo Mpwapwa, si ndogo. Hapo lazima kuwe na jibu. Mizani isihesabu mzigo umepokelewa mpaka akaunti ijibu, na akaunti isijibu mpaka tukio liwe limeandikwa kwenye jarida. Ukijibu kwanza ndipo uandike, umetoa risiti ya kitu ambacho nodi ikizimika sekunde hiyo hakitakuwepo.

Nimeuliza kwa `ask`, yaani kutuma na kusubiri jibu, muda ukaisha bila jibu. Nirudie?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na huulizwa na mtu ambaye tayari amesharudia.

Muda kuisha kunakwambia kitu kimoja tu: jibu halijakufikia. Huenda ujumbe haukufika. Huenda umefika na bado uko kwenye foleni. Huenda kilo zimeshaandikwa na jibu ndilo lililopotea njiani. Ukiwa upande wa mtumaji, hali hizo tatu huwezi kuzitofautisha, na kuongeza muda wa kusubiri kutoka sekunde 3 hadi 30 hakukusaidii kuzitofautisha. Kunamfanya karani asimame muda mrefu zaidi huku foleni ikirefuka nyuma yake.

Kwa hiyo ndiyo, rudia, lakini kwanza hakikisha kurudia hakuna madhara. Ujumbe usiseme "ongeza kilo 100" peke yake. Useme "mzigo wa risiti namba fulani, kilo 100". Namba hiyo itolewe na mizani mara moja, wakati gunia linapimwa, na kila marudio yabebe namba ileile. Wapo wanaotengeneza namba ndani ya msimbo wa kutuma, hivyo kila jaribio linapata namba mpya, na ulinzi wote unakuwa bure.

Upande wa akaunti, namba za risiti zilizoshughulikiwa ziwe sehemu ya hali inayohifadhiwa, ziandikwe ndani ya tukio lenyewe. Ujumbe ukija na namba ambayo imeshaonekana, akaunti isiongeze kitu, na isirudishe kosa. Irudishe jibu lilelile la "umepokelewa", kwa sababu anayeuliza hajui kwamba anarudia. Ukimrudishia kosa, karani ataona maandishi mekundu, atafuta na kupima upya kwa risiti mpya, na hapo ndipo mkulima analipwa mara mbili.

Namba zihifadhiwe kwa muda gani? Kuna wanaobana kumbukumbu kwa kuhifadhi namba kubwa ya mwisho ya kila mizani tu, na kukataa yoyote iliyo chini yake. Inafanya kazi kwa sharti moja: mizani isitume mzigo wa pili wa mkulima huyo kabla wa kwanza haujathibitishwa. Bila sharti hilo, risiti ya 42 ikitangulia, ya 41 itakataliwa ingawa haijawahi kuandikwa, na gunia limepotea kimyakimya. Mimi ningehifadhi namba zote za msimu. Mkulima mmoja hana magunia mengi kiasi cha kujaza kumbukumbu ya seva.

Hakuna kitu kilichotengenezwa tayari cha kufanya hayo?

Kipo. ShardingProducerController na mwenzake ShardingConsumerController hutuma, huthibitisha, hurudia, na pia humzuia mtumaji asimwagie mpokeaji ujumbe mwingi kuliko anavyoweza kumeza. Ila mtumaji mwenyewe akizimika bila foleni iliyohifadhiwa kwenye diski, ujumbe ambao haujathibitishwa unakwenda naye. Ukiweka foleni hiyo, ujumbe unaweza kuletwa zaidi ya mara moja, na umerudi palepale kwenye namba ya risiti. Kitumie kwa udhibiti wa kasi, na namba ya risiti ibaki.

Ujumbe unafika kwa mpangilio niliotuma?

Ukituma kutoka kwa mtumaji mmoja, kupitia ShardRegion ileile, kwenda entiti ileile, ndiyo, isipokuwa uliopotea. Kati ya watumaji wawili hakuna ahadi. Mizani mbili zikimpimia mkulima mmoja, usijenge hesabu inayotegemea nani alitangulia.

Tukiongeza nodi msimu ukiwa umechanganya, ujumbe unapotea?

Kwa kawaida haupotei, unachelewa. Mratibu akiona mgawanyo hauko sawa huchagua vipande vya kuhamisha. Huziambia ShardRegion zote ziache kupeleka ujumbe wa kipande hicho na kuuweka kwenye bafa, kisha entiti za kipande huzimwa, kisha kipande kinafunguliwa nodi mpya na bafa inamiminwa huko.

Hali ya entiti haisafirishwi. Akaunti inayoanza upande wa pili husoma matukio yake kutoka kwenye jarida. Ulichokiweka kwenye kigezo cha kumbukumbu bila kukiandika, kimebaki ulikotoka. Na akaunti zenye historia ndefu bila muhtasari wa hali zitachelewa kuamka, `ask` zitaishiwa muda, na makarani watarudia kutuma. Ongeza nodi asubuhi kabla mizani hazijafunguliwa.

Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Akaunti za wakulima wa Hombolo zikae kwenye kumbukumbu miezi yote hiyo?

Hazitakaa. Entiti isiyopokea ujumbe hulazwa. Muda wa msingi ni dakika 2. Ujumbe ukija miezi mitano baadaye inaamka, inasoma jarida, inaendelea. Mtumaji haoni tofauti, labda ucheleweshaji mdogo wa ujumbe wa kwanza.

Ukitaka entiti ijilaze yenyewe, iombe kipande chake kiilaze, isijizime tu. Ikiomba, ujumbe unaoingia katikati ya zoezi unashikiliwa na kupewa entiti itakapoamka. Ikijizima ghafla, uliokuwa kwenye foleni yake unapotea.

Ipo pia namna ya kukumbuka entiti, ambapo kipande kikihama au nodi ikianguka entiti zake huamshwa bila kusubiri ujumbe. Ukiiwasha, ule ulazaji wa dakika 2 unazimika. Kwa akaunti za wakulima haina maana yoyote: utaamsha maelfu ya watu wasio na shughuli. Inafaa kwa entiti zenye kazi ya kujisukuma, kama ile inayofunga hesabu za ghala kila jioni.

Akaunti inataka kuuliza entiti nyingine, mfano ghala. Niweke nini kwenye ujumbe ili jibu lirudi?

Weka kitambulisho cha anayeuliza, si anuani ya akta. Anuani ni ya uhai huu wa sasa; akaunti ikilazwa au ikihamishwa kabla ghala halijajibu, jibu linakwenda kwa marehemu. Ghala likiwa na "MK7" linatengeneza EntityRef lenyewe na jibu linafuata akaunti popote ilipo.

Tuna nodi nyingi lakini mfumo ni mzito saa nne asubuhi. Kwa nini?

Tafuta entiti moja inayoulizwa na kila mtu. Kwa mfumo wa soko huwa ni bei. Mtu ameunda entiti inayoitwa "bei-mahindi", na kila mizani kabla ya kuandika mzigo inaiuliza bei ya leo. Akta anashughulikia ujumbe mmoja mmoja. Ukiongeza nodi kumi, entiti hiyo bado ni moja, iko nodi moja, kwenye foleni moja.

Bei haibadiliki kila sekunde. Isambaze kwenye nodi zote kila inapobadilika, na kila nodi iwe na nakala yake ya kusoma. Entiti ya bei ibaki kuwa mahali pa kubadilishia. Kugawanya kwenye vipande kunasaidia unapokuwa na vitu vingi vyenye shughuli kidogo kila kimoja, kama akaunti. Kitu kimoja chenye shughuli nyingi hakigawanyiki.

Tunaweza kuweka nodi mbili Dodoma na mbili Dar es Salaam kwa usalama?

Klasta moja iliyotandazwa kilomita 450 hivi? Hapana. Faiba ikikatwa, kila upande utaona mwenzake amekufa. Ukikosea mpangilio, kila upande utamchagua mratibu wake, na akaunti ya MK7 itakuwa hai mahali pawili, zote mbili zikiandika kwenye jarida. Hesabu za namna hiyo hurekebishwa kwa mkono, usiku, mkiwa na makaratasi ya mizani mezani.

Akka ina kitatuzi cha mpasuko wa klasta, kilichowekwa wazi kwa wote tangu toleo la 2.6.6 la mwaka 2020. Mbinu yake ya msingi ni kuuacha hai upande wenye nodi nyingi na kuuzima mwingine. Kiwashe hata kama nodi zote ziko chumba kimoja, na idadi ya nodi iwe witiri. Mbili kwa mbili haina wengi. Dar waweke nakala ya hifadhidata, na klasta ya akiba iliyozimwa.

Akka au Pekko?

Septemba 2022 leseni ya Akka iliacha kuwa ya Apache, yaani ile huria na ya bure. Pekko ilichipuka kutoka Akka 2.6, na toleo lake la 1.0.0 lilitoka mwaka 2023. Majina ya vifurushi na mipangilio yamebadilika, utaratibu wa kutuma ujumbe ni uleule. Kwa ushirika wenye bajeti ya kubana ningeanza na Pekko.

Nataka kuwatangazia wakulima wote bei mpya. Natumaje ujumbe kwa entiti zote kwa mpigo?

Hutumi. Hakuna orodha ya entiti zote ndani ya klasta, na zilizolala hazisikii. Ungeweza kusoma vitambulisho vyote kwenye hifadhidata na kuzitumia moja moja, lakini utakuwa umeamsha kila akaunti ya mkoa ili kuiambia kitu ambacho haikuuliza. Kama lengo ni akaunti ijue bei, basi iisome kwenye nakala ya nodi siku itakapoletewa mzigo. Kama lengo ni mkulima apate SMS, hiyo ni kazi ya programu nyingine inayosoma orodha ya namba za simu, na akta hawahusiki.